Risasi ya Mpanda na Fonti Huria: Historia ya Umiliki wa Maumbo ya Herufi katika Uchapaji wa Kiswahili

1. Utangulizi

Katika muongo wa 1950 mji wa Mpanda ulijulikana nje ya mipaka ya Tanganyika kwa sababu moja kubwa, nayo ni madini ya risasi. Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba risasi pamoja na shaba, fedha na dhahabu, na tawi la reli lenye urefu wa kilometa zipatazo 210 lilijengwa kutoka Kaliua, kwenye reli ya kati, ili madini hayo yafike Dar es Salaam na kuvushwa ng'ambo. Mgodi huo ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ilibaki.

Katika miaka hiyohiyo risasi ikichanganywa na antimoni na bati ndiyo iliyokuwa mali ghafi ya herufi za chapa duniani kote. Kila ukurasa wa kitabu au gazeti ulitokana na vipande vya madini hayo vilivyopangwa kimoja baada ya kingine. Hivyo basi, eneo ambalo tangu mwaka 2012 linaitwa Mkoa wa Katavi lilitoa risasi kwa shehena, ilhali kitabu kilichosomwa katika shule na makanisa yake kilichapwa Tabora, Dar es Salaam, Nairobi, London au Algiers, kwa herufi zilizosanifiwa, kuyeyushwa na kumilikiwa na wengine.

Historia ya maandishi ya Kiswahili imeandikwa mara nyingi kama historia ya hati na tahajia: kutoka hati za Kiarabu hadi za Kirumi, kutoka lahaja hadi usanifishaji. Mhadhara huu unaitazama kwa upande mwingine, yaani upande wa umiliki wa umbo la herufi lenyewe. Hoja kuu ni kwamba yeyote anayemiliki umbo la herufi ana sauti katika kuamua ni lugha gani itachapwa, kwa gharama gani na kwa mkono wa nani. Hoja ya pili ni kwamba fonti zenye leseni huria, zilizoenea tangu mwaka 2005, zimebadili uhusiano huo kisheria, lakini mabadiliko hayo hayatakuwa na maana kwa Mpanda wala kwa Dar es Salaam iwapo wanataaluma wa lugha hawataelewa walichopewa.

2. Khati: umbo lisilo na hatimiliki

Kabla ya mashine ya chapa, umbo la herufi lilikaa mkononi mwa mwandishi. Barua za Kilwa za mwaka 1711 zilizohifadhiwa Goa, pamoja na miswada ya tenzi za karne ya 18, ziliandikwa kwa hati za Kiarabu na watu waliojifunza khati kwa walimu wao. Kalamu, wino na karatasi vilinunuliwa, lakini umbo la alifu au la wau halikuwa mali ya mtu. Mwanafunzi aliliiga, akalizoea, na hata kulirekebisha alipoona haja. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, anakumbukwa kwa juhudi zake za kurekebisha hati hizo ili zionyeshe sauti za Kiswahili ambazo Kiarabu hakina, kama vile p na ch. Hakuhitaji kibali cha mtu kufanya hivyo.

Hati hizo hazikubaki pwani. Ziliambatana na misafara hadi Tabora na Ujiji, na barua za wafanyabiashara zilivuka bara kwa hati za Kiarabu. Hata hivyo, tawasifu ya Tippu Tip, aliyekuwa mfanyabiashara mashuhuri wa njia hizo, ilifika kwenye chapa mwaka 1902 na 1903 ikiwa katika herufi za Kirumi, kwa kazi ya Heinrich Brode. Tukio hilo ni kielelezo cha yaliyofuata. Mashine ya chapa ilipoingia, Kiswahili kilipata wasomaji wengi zaidi, lakini mwandishi alipoteza mamlaka juu ya umbo la herufi zake.

3. Herufi za risasi na vituo vya misheni

Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA. Katika miaka iliyofuata misheni hiyo ilikuwa na mtambo wa chapa, na vijana waliookolewa kutoka utumwani wakafunzwa kazi ya kupanga chapa. Gazeti la Msimulizi lililoanza mwaka 1888 ni zao la mazingira hayo. Wapanga chapa hao walikuwa Waafrika wenye ujuzi halisi, lakini kasha la herufi lililokuwa mbele yao lilitoka Uingereza. Herufi iliyovunjika au kupungua iliagizwa kwa meli. Herufi isiyokuwemo kashani haikuweza kuchapwa.

Katika nchi ya Katavi historia hiyo inaonekana kwa uwazi zaidi Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Kituo cha Karema kilianzishwa mwaka 1879 na Kapteni Cambier wa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, kisha mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Hapo ndipo alipofanya kazi Adrien Atiman, mtu aliyetekwa utumwani akiwa mtoto katika Sudani ya Magharibi, akasomea uganga Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kuwatibu watu wa ukanda huo hadi kifo chake mwaka 1956. Kumbukumbu za maisha yake zilichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Naye Askofu Lechaptois, aliyeongoza kanisa la Karema, aliandika kitabu kuhusu watu wa kando ya ziwa hilo. Kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1913, kwa Kifaransa, huko Maison-Carrée, Algeria.

Mifano hii miwili ina funzo moja. Habari za Wabende, Wafipa na majirani zao zilikusanywa Karema, lakini zilisafiri mbali sana kabla ya kuwa ukurasa wa kitabu. Baadaye mtambo wa Tanganyika Mission Press, huko Kipalapala karibu na Tabora, ulisogeza uchapaji karibu, na kwa reli ya Kaliua Mpanda iliunganishwa na Tabora. Hata hivyo, kilichosogea ni mashine. Maumbo ya herufi na kalibu za kuyayeyushia yaliendelea kuwa mali ya makampuni ya Ulaya na Marekani.

4. Tahajia sanifu na kasha la herufi

Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi. Katika kipindi hichohicho Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, iliyoundwa London mwaka 1926, ilikuwa ikipendekeza alfabeti ya Afrika yenye herufi za ziada kama ɓ, ɛ, ŋ na ɔ. Kiswahili hakikuzifuata. Kilibaki na herufi za kawaida za Kirumi, bila q na x, na sauti zake maalumu zikaandikwa kwa kuunganisha herufi: ch, dh, gh, ny, sh, th, na ng' yenye ritifaa.

Matokeo ya uamuzi huo kwa uchapaji yalikuwa makubwa. Kiswahili kiliweza kuandikwa kwa taipureta yoyote ya Kiingereza na kuchapwa kwa kasha lolote la Ulaya. Gazeti la Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 na vitabu vya Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki baada ya mwaka 1948 havikuhitaji herufi hata moja ya kuagizwa kwa namna ya pekee. Hii ni miongoni mwa sababu zisizotajwa sana za wepesi wa kuenea kwa Kiswahili katika maandishi.

Lugha jirani hazikuwa na bahati hiyo. Kinyamwezi na Kisukuma, ambazo zina wasemaji wengi katika Katavi ya leo, zina irabu saba, na alfabeti yenye a, e, i, o, u peke yake haitoshi kuzitofautisha. Kibende, Kipimbwe, Kikonongo, Kirungwa na Kitongwe zina toni ambazo mtafiti hulazimika kuziwekea alama. Mtambo usio na alama hizo ulimlazimisha mwandishi ama kuziacha ama kuzichora kwa kalamu baada ya kupiga taipu. Kwa hiyo maneno mawili tofauti yaliweza kuingia kwenye daftari yakiwa neno moja, na msomaji wa miaka 50 baadaye hana njia ya kuyatenganisha.

5. Kompyuta: kutoka kupanga chapa hadi kupanga kama nyumba

Kompyuta ilipochukua nafasi ya risasi, herufi iligeuka kuwa programu. Badiliko hili lina upande wa kisheria unaosahaulika. Mwenye kununua kilo kumi za herufi za risasi alizimiliki: aliweza kuziazima, kuziuza au kuziyeyusha. Mwenye kununua fonti ya kompyuta hununua ruhusa tu. Neno kupanga, ambalo mchapaji wa zamani alilitumia kwa kazi ya mikono yake, lilipata maana yake nyingine: mtumiaji akawa mpangaji, na mwenye nyumba akaendelea kushika masharti. Fonti maarufu ya Times New Roman, iliyotengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London na kuanza kutumika mwaka 1932, ilisambaa pamoja na mfumo wa Windows tangu mwaka 1992, lakini inaendelea kuwa mali ya kampuni. Vyuo vingi vinavyomwagiza mwanafunzi aandike tasnifu kwa fonti hiyo vinamwagiza, pasipo kukusudia, awe na programu ya kulipia.

Nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa. Fonti ikiwa programu, kuinakili bila ruhusa ni kosa kama ilivyo kunakili kitabu.

Wanaisimu walipata hasara ya namna nyingine. Katika miaka ya 1990 fonti nyingi za kifonetiki zilitengenezwa kwa kuweka alama maalumu mahali pa herufi za kawaida. Faili lililoandikwa kwa fonti hiyo lilisomeka vizuri kwenye kompyuta ya mtafiti, lakini likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine isiyo na fonti ileile, alama ziligeuka kuwa mkanganyiko. Mfumo wa Yunikodi, uliotangazwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, ulitatua tatizo hili kwa kuipa kila herufi namba yake ya kudumu. Hata hivyo namba pasipo umbo haionekani. Ilihitajika fonti yenye maumbo yote, ambayo mtafiti angeweza kuituma pamoja na data zake bila kuvunja sheria.

6. Leseni ya mwaka 2005 na masharti yake

Fonti ya Gentium, iliyosanifiwa na Victor Gaultney na kutolewa mwaka 2002, ilikusudiwa kuzihudumia lugha zote zinazotumia herufi za Kirumi pamoja na za Kigiriki. Jina lake ni la Kilatini na maana yake ni "ya mataifa". Mwaka 2005 Gaultney na Nicolas Spalinger, kupitia shirika la SIL, walitoa Leseni Huria ya Fonti, na toleo lake la 1.1 likafuata mwaka 2007. Leseni hiyo imekuwa msingi wa fonti nyingi mno, zikiwemo zile za mkusanyo wa Noto unaolenga kuzitosheleza hati zote za dunia.

Masharti yake ni machache na yanaeleweka. Kwanza, mtu yeyote anaweza kuitumia fonti kwa jambo lolote, la binafsi au la biashara, bila malipo na bila kuomba kibali: barua, tasnifu, kitabu cha kuuzwa, bango, nembo ya duka. Pili, kinachoandikwa kwa fonti hiyo hakifungwi na leseni. Kitabu kinabaki mali ya mwandishi wake. Tatu, mtu anaweza kuinakili, kuichunguza, kuirekebisha na kuisambaza, hata pamoja na programu inayouzwa, lakini haruhusiwi kuiuza fonti peke yake. Nne, nakala isambazwe pamoja na tamko la hakimiliki na matini ya leseni. Tano, aliyeirekebisha asitumie jina ambalo mtunzi wa awali amelihifadhi, na fonti yake mpya iwe chini ya leseni ileile.

Sharti la nne huonekana dogo, lakini Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Fonti iliyotengwa na leseni yake huwa haijulikani tena kama ni halali au ya wizi, na anayeipokea hana cha kumwonyesha mkaguzi wala mchapishaji.

Kwa mtu wa Kiswahili, mfano wenye mvuto zaidi ni fonti ya Andika. Jina lake limechukuliwa kutoka Kiswahili, nayo ilisanifiwa kwa ajili ya watu wanaoanza kujifunza kusoma. Umbo la a na g ni lile ambalo mtoto hufundishwa kuandika kwa mkono, na herufi kubwa I, herufi ndogo l na tarakimu 1 zimetofautishwa ili zisichanganywe. Ina pia herufi za ziada za lugha za Kiafrika na alama za toni zinazokaa mahali pake juu ya irabu. Kwa hati za Kiarabu ipo fonti ya Scheherazade, chini ya leseni hiyohiyo.

Mkondo huu haukuwa mgeni Tanzania. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili chini ya mradi wa Kilinux. Wataalamu wa kompyuta walitambua mapema thamani ya leseni huria. Idara za lugha zilichelewa kuyahusisha mambo hayo na kazi zao za kamusi na nyanjani.

7. Bure, huru na huria

Kiingereza hutumia neno moja kwa vitu viwili, na hilo limezua mkanganyiko mwingi. Kiswahili kinayo maneno matatu. Kitu cha bure hakilipiwi. Kilicho huru hakifungwi. Kilicho huria kiko wazi kwa wote kwa utaratibu unaojulikana. Fonti nyingi zinazopatikana kwenye intaneti ni za bure tu: maelezo yake huruhusu matumizi binafsi na kukataza biashara. Nyingine hazina maelezo yoyote. Fonti huria ni ya bure na ya huru kwa pamoja, kwa sababu ruhusa yake imeandikwa na haiwezi kufutwa maadamu masharti yanafuatwa.

Tofauti hii si ya madarasani peke yake. Lichukuliwe duka la steshenari katika mji kama Mpanda. Humo huchapwa kadi za harusi na za michango, ratiba za ibada ya mazishi, mitihani ya majaribio, mabango ya maduka na maandishi ya fulana. Kila kazi hulipiwa, kwa hiyo kila kazi ni biashara. Fonti ya bure yenye sharti la matumizi binafsi ikitumika kwenye kadi ya harusi ya mteja, sharti limevunjwa, ijapokuwa mwenye duka hakulipa wala kuiba kitu kwa kukusudia. Akitumia fonti huria, kazi ileile ni halali kabisa, wala hakuna ada atakayompandishia mteja. Rahisi ghali, walisema wahenga. Lakini rahisi iliyoandikiwa ruhusa haina deni lililojificha.

Vivyo hivyo kwa mtafiti. Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, na msamiati wa Kibende uliokusanywa na Yuko Abe ulichapishwa Tokyo mwaka 2006. Kutoka Maison-Carrée ya mwaka 1913 hadi Tokyo ya mwaka 2006 njia ni ileile: maneno yanatoka kando ya Ziwa Tanganyika, ukurasa unatengenezwa mbali. Kilichobadilika ni kwamba sasa hakuna kizuizi cha herufi. Mwalimu wa shule ya msingi Mpimbwe au Karema mwenye kompyuta moja anaweza kupanga kijitabu cha hadithi za Kipimbwe au Kibende, chenye irabu na toni zake, akakichapa, akakiuza, na asidaiwe na mtu.

Ni haki pia kuutaja upande wa pili. Gentium na Andika zimetoka kwa shirika la Kikristo la kimataifa lenye makao Marekani. Noto imegharamiwa na Google. Mkosoaji anaweza kusema kwamba tangu kasha la Steere hadi leo herufi bado zinatoka kwa misheni na kwa makampuni, na kwamba mpokeaji ni yuleyule. Hoja hiyo ina uzito, na leseni haiijibu yote. Lakini kuna tofauti moja ya msingi. Mpanga chapa wa Unguja hakuweza kuongeza herufi kashani. Mwanafunzi wa leo anaruhusiwa, kwa maandishi, kuifungua fonti, kuongeza umbo linalokosekana, kuipa jina jipya na kuisambaza. Mamlaka aliyokuwa nayo Mwalimu Sikujua juu ya kalamu yake yamerejeshwa, ingawa sasa yanadai ujuzi wa kompyuta badala ya ujuzi wa khati.

8. Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha hatua tatu. Katika khati umbo la herufi halikuwa na mwenyewe. Katika risasi na katika programu za kulipia lilikuwa na mwenyewe, na lugha zenye mahitaji yasiyo ya kawaida zililipa gharama kwa kuandikwa pungufu au kutoandikwa kabisa. Katika fonti huria mwenyewe yupo na anatambuliwa, lakini amefungua mlango kwa maandishi.

Kwa idara za Kiswahili na isimu yapo mambo matatu yanayowezekana bila bajeti kubwa: kuruhusu tasnifu ziandikwe kwa fonti huria badala ya kutaja fonti moja ya kampuni, kuhifadhi data za nyanjani kwa Yunikodi pamoja na nakala ya fonti na leseni yake, na kuwafundisha wanafunzi kusoma leseni kama wanavyofundishwa kusoma mswada. Lugha ndogo za Katavi zina wazee ambao hawatasubiri. Risasi ya Mpanda iliondoka kwa reli na haikurudi kama herufi. Maneno ya Wabende na Wapimbwe yanaweza kubaki nyumbani yakiwa yamechapwa, kwani herufi za kuyachapia zimekwisha kufika na hazina kodi.